Theluji Isiyoshuka Mawinguni

Sisi watu wa pwani tumezaliwa na bahari mbele na minazi nyuma. Baridi yetu ni ile ya kipupwe, wakati wa kusi, ambayo humfanya mzee ajitande shuka alfajiri akienda msikitini, na jua likishapanda huisahau. Theluji tunaijua kwa jina tu. Na jina lenyewe si geni kwetu, maana asili yake ni Kiarabu, thalji, na kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu amelisikia likitajwa katika dua. Lakini kuishika theluji mkononi ni bahati ya wachache: mabaharia waliofika bandari za Ulaya wakati wa baridi, na vijana waliokwenda kusoma au kutafuta riziki ng'ambo.

Basi leo, ndugu msomaji, tuizungumze theluji ya namna nyingine, ile isiyoshuka mawinguni. Hii hutengenezwa na binadamu kwa maji, hewa na umeme. Humwagwa mlimani usiku, ikalundikwa kama mchanga wa mjenzi, ikatandazwa, ikalimwa na kuchanwa kwa trekta, na asubuhi watu wakaja kuiteleza kwa furaha, wengi wao bila ya kujua ni watu wangapi waliokesha kwa ajili yao. Katika milima ya Uswisi, Austria, Italia na Ufaransa, na kule Marekani, iko miji mizima ambayo mkate wake wa kila siku unategemea theluji hii.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu hufunga miguuni mbao mbili nyembamba na ndefu, akapandishwa juu ya mlima kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, kisha akateremka kwa kasi. Unaitwa skii. Kwa mchezo huo hula mwenye hoteli, mpishi, mwalimu wa kuteleza, fundi wa viti vya waya, mwenye duka na mkulima anayeuza jibini. Majira yao ni kuanzia Desemba hadi Aprili. Ni majira yale yale ambayo hoteli za Diani, Nyali na Malindi hujaa wageni. Wazungu wengine hulikimbia baridi wakaja kwetu kutafuta jua. Wenzao hubaki kwao wakaifuata theluji. Na kama vile mwenye hoteli wa Malindi anavyojua msimu wa wageni ukiharibika maana yake ni nini, ndivyo mtu wa milimani anavyojua maana ya Desemba isiyo na theluji.

Ilianzia kwenye bomba la bustani

Theluji ya mashine ilizaliwa kwa sababu ya njaa ya biashara. Katika majira ya baridi ya mwaka 1949 kuingia 1950, jimbo la Connecticut huko Marekani lilikosa theluji. Mwenye kituo cha Mohawk Mountain, bwana Walt Schoenknecht, aliona mteremko wake u mtupu, akanunua mamia ya tani za barafu, akaisaga na kuimwaga mlimani. Watu waliteleza, lakini gharama yake haikuwa ya kurudiwa kila juma.

Katika jimbo lilo hilo walikuwako mafundi watatu, Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey, waliokuwa na kiwanda kidogo cha kutengeneza mbao za skii. Theluji ikikosekana, nani atanunua mbao? Mwezi wa Machi mwaka 1950 walichukua bomba la bustani, kompresa ya hewa, na mdomo wa bomba wa kunyunyizia rangi, wakarusha maji yaliyochanganywa na hewa katika baridi ya usiku. Yale maji yalianguka chini yakiwa theluji. Mwaka 1954 walipewa hataza ya uvumbuzi wao. Tangu siku hiyo mashine zimekua na kuwa nyingi, lakini siri yake ni ile ile: maji yavunjwe kuwa matone madogo mno, yarushwe katika hewa ya baridi, yagande kabla ya kugusa ardhi.

Mtungi na mzinga

Wengi hudhani kwamba mashine hizi huleta baridi. La, hasha. Mashine haitengenezi baridi, inaivizia. Baridi isipokuja, mashine ni chuma tu.

Na hapa pana jambo ambalo mtu wa pwani ataliona upesi kuliko mtu wa bara, kwani bibi zetu walilijua tangu zamani. Mtungi wa udongo ukiwekwa penye upepo, maji yake huwa baridi. Sababu ni kwamba maji kidogo hupenya udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke, na katika kuondoka kwake huondoka na joto. Lakini katika ile siku ya fukuto kabla ya mvua za masika, jasho halikauki mwilini, na mtungi nao haupoi vizuri, maana hewa imeshiba maji na haina nafasi ya kupokea mvuke zaidi.

Tone la maji linalorushwa mlimani hufuata kanuni hiyo hiyo. Likipita katika hewa kavu, sehemu yake ndogo hugeuka mvuke, na tone lenyewe hupozwa zaidi kuliko hewa iliyolizunguka. Kwa hiyo mkuu wa mashine hatazami kipimajoto cha kawaida peke yake. Hutazama pia unyevu wa hewa, akavichanganya viwili hivyo kupata kipimo kimoja, kile ambacho zamani kilipatikana kwa kufunga kitambaa kibichi kwenye ncha ya kipimajoto. Kipimo hicho kikishuka hadi digrii 2 chini ya sifuri, kazi inaweza kuanza. Kadiri kinavyoteremka zaidi, ndivyo theluji inavyokuwa nyingi na kavu. Ndiyo sababu hewa ikiwa kavu sana theluji huweza kutengenezwa hata kipimajoto cha kawaida kikisoma sifuri, na hewa ikiwa na ukungu, digrii 1 chini ya sifuri haitoshi. Usiku mmoja wenye baridi kavu ni mali. Usiku wa baridi yenye ukungu ni wa kungoja.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza ni mzinga, pipa kubwa lenye feni ndani yake, na kwenye mdomo wake mna vitundu vingi vya kutolea maji. Feni hupuliza yale matone mbali angani. Ya pili ni mkuki, mlingoti mrefu wenye vitundu kileleni, ambao hutumia hewa iliyobanwa na kompresa. Urefu wake hulipa tone muda wa kuganda likiwa njiani. Katika zote mbili huwako vitundu maalumu vinavyotoa hewa na maji pamoja ili kufanya chembe ndogo sana za barafu. Hizo ni mbegu. Matone mengine yakikutana na mbegu hizo huganda kwa urahisi, kwani maji safi pasipo cha kushikilia huweza kupoa chini ya sifuri na bado yakabaki maji. Baadhi ya vituo hutia ndani ya maji unga wa protini inayotokana na bakteria, ili mbegu ziwe nyingi zaidi. Sehemu nyingine zimekataa, zikashikilia kwamba kinachoruhusiwa ni maji na hewa tu.

Chini ya ardhi hupita mabomba kutoka bwawani hadi kila mzinga, na pampu za kuyapandisha maji mlimani. Siku hizi kompyuta husoma hali ya hewa kwenye kila mashine na kuiwasha au kuizima. Hata hivyo mtu hajaondolewa. Bado yuko mfanyakazi anayezunguka usiku kutoka mzinga hadi mzinga, akasimama chini ya ile nyunyu na kunyosha mkono. Chembe zikigonga mkono wa koti lake na kuruka, theluji ni kavu. Zikinata, maji ni mengi na lazima ayapunguze. Kipimo hiki hakihitaji umeme, na wenye kazi yao wanakiamini.

Lundo lisiloguswa

Ukiichukua theluji ya mashine ukaitazama kwa kioo cha kukuzia, hutaona lile ua la pembe sita linalochorwa kwenye vitabu. Ua hilo hukua polepole mawinguni. Theluji ya mashine ni vidonge vidogo vya duara vilivyoganda kuanzia nje kwenda ndani. Kwa hiyo ni nzito. Jaza ndoo ya lita 10 theluji changa ya mawinguni bila ya kuishindilia, iache iyeyuke: utapata maji ya nusu lita, au lita moja. Ndoo ile ile ya theluji ya mashine itakupa lita 4 au zaidi. Uzito huo una faida yake, maana theluji hiyo hustahimili joto na kukanyagwa kuliko ile nyepesi. Ndiyo maana hutandikwa kwanza, mwanzo wa msimu, iwe kama zege la msingi, na ile ya mawinguni ikija hukaa juu yake.

Lakini haitandazwi pale pale. Vidonge vile mara nyingi huanguka vikiwa bado na maji katikati. Trekta likivikanyaga wakati huo, maji hukamuliwa, yakaganda, na mteremko ukawa kioo. Kwa hiyo mizinga huachwa irushe theluji mahali pamoja mpata malundo makubwa, kama migongo ya nyangumi iliyojitokeza baharini. Lundo huachwa siku moja au mbili. Katika muda huo maji yaliyozidi hunyonyoka na kushuka chini, na vidonge vilivyobaki na maji ndani hukamilisha kuganda. Mwenye kituo huona wageni wanaingia hotelini, theluji anayo, naye hana ruhusa ya kuigusa. Ni kama mpishi wa pilau aliyepalia makaa juu ya kifuniko: mwenye pupa akifunua mapema, wali huharibika na wageni hawana cha kula.

Trekta la usiku

Viti vya waya vikisimama jioni na mtu wa mwisho akishuka, ndipo matrekta yanapotoka. Haya hayana magurudumu. Yana minyororo mipana kama ya kifaru cha vita, ili uzito usambae na yasizame. Mbele pana sepeto kubwa la chuma ambalo dereva huweza kuliinua, kulishusha na kulipinda. Nyuma pana gogo lenye meno linalozunguka kwa kasi, na nyuma yake kitambaa kizito cha mpira chenye mifereji.

Kazi ni hii. Sepeto hukata lundo na kulisukuma kwenda pale palipobakia pembamba. Siku nzima watelezaji huikokota theluji kuipeleka chini na pembeni. Usiku trekta huirudisha ilikotoka. Gogo la meno huvunja vibonge vya barafu na kuvichanganya na theluji laini, na ule mpira hushindilia na kuacha mistari sawasawa, kama kitambaa cha mkeka uliofumwa vizuri. Mistari hiyo ndiyo mteja anayoitafuta asubuhi.

Kisha theluji huachwa tena ipumzike. Chembe zilizovunjwa na kukaribishwa pamoja huanza kushikana, kidonge kwa kidonge, bila ya kuyeyuka, na baada ya saa kadhaa mteremko huwa mgumu na imara. Ukikanyagwa kabla ya kushikana, hubomoka mapema, na kufika adhuhuri umejaa mashimo. Kwa hiyo dereva ana kazi ya kuhesabu saa pia: asilime wakati theluji ingali na maji, wala asichelewe hata ikakosa muda wa kushikana.

Palipo na mteremko mkali mno trekta halijiwezi peke yake. Hufungwa winchi yenye kamba ya waya, mara nyingi ya mita 1,000 au karibu yake, na ncha yake hutiwa kwenye nguzo huko juu. Kamba hiyo hukazika katika giza, ikaruka ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wako watu waliopanda mlima usiku kinyume cha amri wakaigonga na kufa. Ile mbao ya onyo inayowekwa chini ya mteremko kila jioni haikuwekwa kwa mapambo.

Katika miaka ya karibuni dereva amepata msaidizi. Wakati wa kiangazi, mlima ukiwa mtupu, ardhi yote hupimwa. Majira ya baridi yakifika, trekta hupokea alama za satelaiti na kujua liko juu kiasi gani, likatoa hesabu kati ya juu ya theluji na ardhi ya chini. Dereva huona kwenye kioo kilicho mbele yake kwamba hapa kina ni sentimita 80, pale ni 20. Basi huchukua palipozidi akajaza palipopungua, na asubuhi mkuu wake hujua wapi mizinga iwashwe na wapi izimwe. Zamani mtu alikisia, na kwa kuogopa kupungukiwa alitengeneza zaidi ya haja. Theluji iliyozidi ni maji yaliyozidi na umeme uliozidi.

Chumvi katika theluji

Mashindano yana taratibu zake. Mteremko wa mbio haupaswi kuwa laini, kwa sababu mtu wa kwanza atapata njia safi na wa 40 atakuta mitaro. Kwa hiyo waandalizi huingiza maji ndani ya theluji kwa mabomba yenye matundu mengi, ili igande iwe ngumu kama barafu. Na jua likilainisha uso wa theluji, hunyunyiza chumvi. Msomaji atashangaa, maana chumvi huyeyusha barafu. Ni kweli. Lakini katika kuyeyusha huko, joto hutolewa kwenye theluji yenyewe, na ile iliyo chini hupoa na kukaza. Wale waliokuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuzungusha mkono, pipa la barafu na chumvi ya mawe likiwa nje ya mkebe wa maziwa, wameifanya kazi hiyo bila ya kuhitaji mlima.

Kenya nayo imo katika habari hizi. Philip Boit aliiwakilisha nchi katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, akawa Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Na miaka ishirini baadaye, mwaka 2018, huko PyeongChang katika Korea Kusini, aliyeshuka mlimani kwa jina la Kenya alikuwa Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria tangu utotoni. Theluji aliyoitelezea binti huyo wa Kilifi ilikuwa kwa sehemu kubwa ya mashine.

Olimpiki zilianza kuitumia theluji ya mashine huko Lake Placid, Marekani, mwaka 1980. Mwaka 2014 Sochi, mji wa Urusi ulio ukingoni mwa Bahari Nyeusi, waliweka akiba ya theluji ya mwaka uliotangulia chini ya vifuniko. Na mwaka 2022, katika milima ya Yanqing na Zhangjiakou karibu na Beijing, mashindano yalitegemea theluji ya mashine karibu yote. Baridi ya huko ni kali, lakini mbingu ni kavu. Picha zilizoonyeshwa ulimwenguni zilikuwa za utepe mweupe unaoteremka katika milima ya rangi ya udongo.

Akiba ya Davos

Sasa twende Davos, mji wa Uswisi ulio juu mita 1,560 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapo pana taasisi mashuhuri ya kuchunguza theluji na maporomoko yake. Watu wa Davos walijiuliza: kwa nini tungoje Novemba kutafuta baridi mpya, na Januari tulikuwa na baridi ya kutosha? Tangu mwaka 2008 wamekuwa wakitengeneza theluji katikati ya majira ya baridi, wakati hewa ni kavu na kazi ni rahisi, wakailundika katika bonde la Flüela. Majira ya kuchipua yakija hulifunika lundo lile kwa vumbi la mbao lenye unene wa sentimita 40 hivi, likapita kiangazi chote limelala. Vuli ikifika hulifunua, na sehemu kubwa ya theluji huwa bado ipo. Huitandaza bondeni wakapata njia ya kilomita kadhaa, na wanariadha huanza mazoezi kabla ya mawingu kutoa chochote.

Mtu wa pwani aliyewahi kuona kipande cha barafu kikifunikwa kwa vumbi la mbao na gunia atatabasamu. Elimu hii ni ya zamani. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany iliondoka Boston na tani kama 180 za barafu ya maziwa iliyokingwa na joto. Ilivuka Ikweta mara mbili, ikafika Calcutta baada ya miezi minne, na tani kama 100 zilikuwa bado ni barafu. Boston hiyo ni jirani ya Salem, bandari ambayo wakati huo ilikuwa ikileta Unguja kitambaa cha merikani. Vumbi la mbao hushikilia hewa, na tena hulowa na kukauka. Katika kukauka huondoka na joto, na hapo tumerudi kwa bibi na mtungi wake.

Jamaa zetu walioko Dubai watasema wao wanayo theluji mwaka mzima. Ni kweli. Tangu mwaka 2005, ndani ya soko la Mall of the Emirates, umekuwapo mteremko wenye urefu wa mita 400. Lakini ule ni chumba. Kuta zimetiwa kizuizi cha joto na mashine za baridi hufanya kazi usiku na mchana, kwani pale hata baridi yenyewe hununuliwa. Mlima hauna mlango wa kufunga. Upepo wa joto ukivuma usiku mmoja, hakuna wa kuuzuia.

Maji ya nani?

Hapa ndipo penye mzozo. Kufunika hekta moja kwa theluji ya mashine yenye kina cha sentimita 30 huhitaji kama lita milioni moja za maji. Kituo kimoja huweza kuwa na hekta mamia. Na maji hayo huhitajika mwanzo wa baridi, wakati mito ya milimani huwa imepungua. Kwa hiyo huchimbwa mabwawa.

Katika kijiji cha La Clusaz, milima ya Ufaransa, kulikuwa na mpango wa kujenga bwawa la tano, la mita za ujazo 148,000, katika uwanda wenye msitu. Waliolitaka walisema litawapa wanakijiji maji ya kunywa pia, na kwamba pasipo theluji vijana wao watahama. Waliolipinga walisema maji na msitu si vya kutolewa kwa ajili ya mchezo wa miezi minne. Watu walikwenda kukaa msituni kuuzuia mpango. Mkuu wa serikali wa jimbo aliutia idhini mwezi wa Septemba mwaka 2022. Mwezi uliofuata mahakama ya Grenoble iliusimamisha. Watu wa Mombasa, ambao kwa miaka mingi wamekunywa maji yatokayo mbali huko Mzima, hawahitaji kuelezwa kwamba kila bomba lina watu wawili: anayekaa linakoanzia na anayekaa linakoishia.

Na juu ya mzozo huo lipo joto la dunia. Mwaka 2023 wataalamu walitoa uchunguzi wao juu ya vituo 2,234 vya skii barani Ulaya. Walikuta kwamba joto la dunia likizidi kwa digrii 2 kuliko zamani kabla ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa mno ya kukosa theluji, endapo havina mashine. Mashine zikifunika nusu ya miteremko, hatari hiyo hushuka hadi asilimia 27. Hapo ndipo anapopata hoja mwenye kutetea mizinga. Lakini joto likizidi kwa digrii 4, hata kwa mashine hizo asilimia 71 watakuwa hatarini. Hapo ndipo anapopata hoja anayezipinga. Tayari nchini Ufaransa vituo zaidi ya 150, vingi vikiwa vidogo na vya nyanda za chini, vimefungwa tangu miaka ya 1970. Vinavyobaki ni vile vilivyo juu sana, au vyenye fedha za kununua pampu, mizinga na matrekta, na nauli yake hulipwa na mteja. Mchezo ambao mtoto wa mkulima wa mlimani aliucheza bure nyuma ya nyumba yao umekuwa wa mwenye uwezo.

Kwa hiyo tusiwacheke watu wa milimani kwa kumwaga maji usiku ili wayateleze asubuhi. Nao wanafanya lile ambalo kila mtu wa msimu hulifanya: mvuvi huwahi samaki kabla ya kusi, mkulima wa Shimba Hills huwahi mvua. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Wa Davos nao wameweka akiba yao chini ya vumbi la mbao. Lakini iko tofauti moja ambayo wenyewe wanaijua vizuri. Mashine ya theluji huweza kuhifadhi baridi, kuikusanya, kuitandaza na kuirefusha kwa majuma machache. Haiwezi kuizaa. Kila msimu dirisha la usiku wa baridi kavu likipungua, mizinga mingi zaidi hununuliwa ili kazi ya usiku kumi ifanywe kwa usiku tano. Na iwapo siku moja zitabaki mbili, hakuna trekta litakaloweza kusukuma theluji ambayo haikupata usiku wa kuganda.